Masuwa ya Papa Manteka

Mpano alishuka mjini Baraka kutoka milima ya Minembwe na begi moja, fimbo moja, na aibu ya mwanamume asiye na ng'ombe. Usiniulize walikuwa wangapi. Watu wa Minembwe hawahesabu ng'ombe, na wewe ukiwahesabia wanakutazama vibaya. Walikuwa wengi, hilo linatosha, na vita iliwachukua wote asubuhi moja ya ukungu, wakubwa na ndama. Mpano alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, na wa kumkaribisha huku chini alikuwa binti yake Ihirwe, mke wa mwalimu, aliyekaa karibu na soko.

Ihirwe alimpokea vizuri. Alimpa chumba cha mbele, akamnunulia kandambili kwa sababu ya joto, akamwekea kiti barazani. Na hapo kwenye kiti ndipo balaa lilipoanza, maana Mpano alikaa. Alikaa mwezi wa kwanza, akakaa wa pili. Chai ilipoa mkononi. Waliopita walimsalimia, "Pole, muzee, pole na ngombe," naye akajibu, "Tumeshazoea," na jinsi alivyolisema, hata kuku wa uani walijua ni uongo.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mchungaji wa kanisa alimwambia asali zaidi. Mkwe wake, aliyefundisha kule Fizi mlimani na kurudi nyumbani siku ya posho, alimwambia aandikishe jina kwa shirika moja lililokuwa linagawa mbuzi. Mbuzi! Mpano aliitikia kwa adabu, kisha akageuka kutazama barabara mpaka mkwe akaelewa na kuondoka.

Lakini wote hao walikuwa wanatibu ugonjwa usio wake. Sikia vizuri, kwa sababu hili hakumwambia mtu yeyote. Alimlilia marehemu mke wake. Aliililia nyumba, na baridi ile tamu ya asubuhi. Ila kila alipofumba macho ili awalilie ng'ombe, machozi hayakuja. Alijaribu tena kesho yake, akawakumbuka mmoja mmoja kwa rangi na majina, na bado macho yake yakabaki makavu. Na mtu wa Minembwe asiyelilia ng'ombe ni mtu wa namna gani? Swali hilo ndilo lililomkalisha pale kwenye kiti, na lilimtia hofu kuliko vita yenyewe.

Siku moja Ihirwe alichoka. Alichukua ufagio, akafagia baraza, akafika kwenye kiti, akasimama.

"Papa, toka hapa. Enda utembee. Mi nakupenda, lakini toka."

Basi akatembea, na kwa kuwa barabara zote za pale huteremkia ziwani, akajikuta ziwani. Hakulipenda. Hajui kuogelea, na maji mengi namna ile yalimfanya atafute kitu cha kushika. Alikuwa karibu kugeuka aliposikia tezo inagonga mti, ko, ko, ko, akafuata mlio.

Palikuwa na kibanda cha mabati manne, na chini yake masuwa imekaa juu ya magogo, mbavu nje, bado haijavaa mbao. Masuwa ndivyo wanavyoita mashua huko. Aliyekuwa anaipiga tezo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mabega mapana, sigara imezimika mdomoni. Jina lake Wilondja, Mbembe wa pale ziwani, fundi mtoto wa fundi. Sasa, kati ya watu wa juu na watu wa ziwani kuna mambo mengi, kila mmoja ana ya kwake ya kusimulia, na leo si siku yake. Wilondja alimtazama yule mzee mrefu, akaona fimbo, akajua anatoka wapi.

"Ni nini, muzee? Umepoteza kitu?"

Mpano alipaswa kusema hapana na kwenda zake. Badala yake alinyoosha kidole.

"Unakata mubaya," akasema. "Ule muti unalala upande ingine. Utapasuka."

"Eh! Muone huyu! Muzee wa ngombe anakuja kunifundisha mbao!" Wilondja aliitupa sigara, akamshikisha tezo. "Kamata. Fanya we."

Ilikuwa dhihaka, lakini Mpano aliweka fimbo chini, akavua koti, akashika. Alipitisha kidole gumba juu ya ubavu ule wa mti mpaka akaona nyuzi zake zinalala wapi, kisha akaanza kuparua, polepole, nyama nyembamba nyembamba za mti zikimdondokea miguuni. Hakufikiri kitu. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limehama, jasho limemlowesha shati, na Wilondja alikuwa amekaa juu ya gogo anakula mkate na ndagala, wale dagaa wa ziwani, anamtazama.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mutu."

Ni kweli. Alipokuwa kijana alikuwa anachonga inkongoro, vile vyombo vya mti vya kunywea maziwa, na alipochonga hakuona wala kusikia, na ng'ombe wa baba yake wakaingia kwenye maharage ya watu. Kaka yake mkubwa, Gisaro, ndiye aliyekimbia kuwatoa. Ilipotokea mara nyingi baba alikichukua kisu chake cha kuchongea. Mpano akaoa, akawa mtu mzima, na mtu mzima huwa nyuma ya ng'ombe wake. Kisu hakukiulizia tena, na kwa miaka zaidi ya thelathini alidhani amekisahau.

Siku ile alirudi nyumbani akala sahani mbili. Ihirwe alimtazama akila, akaingia jikoni, akalia kidogo huko kwa furaha, akanawa uso, akamletea ya tatu.

Kuanzia hapo akawa ziwani kila siku. Alimwita Wilondja "Fundi", ingawa angeweza kumzaa, na Wilondja akamwita "muzee" huku akimgombeza kama mtu yeyote. "Muzee, patasi si kijiko!" "Muzee, unaipapasa mbao ama unaioa?" Mpano hakukasirika. Alijifunza kukunja mbao kwa mvuke, kuziba nyufa kwa pamba na mawese, kusoma mti kabla ya kuugusa. Alianza hata kula samaki, yeye ambaye kwao samaki hakaribishwi ndani ya nyumba yenye maziwa. Mwanzoni alikula akiwa amegeukia ukuta.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo Baraka haijamwachia mpaka leo. Mwezi wa sita Wilondja alikwenda Kilembwe kutafuta mbao, akamwachia mtumbwi mdogo uliokwisha kuunganishwa, na bidoni ya mawese ya kuupaka. Mpano akaufungua mfuniko wa bidoni, akanusa, akautazama ule mtumbwi. Ulikuwa mzuri. Mbao zake nyingi alikuwa amezilainisha yeye. Na kwao chombo cha mti kinachopendwa hupakwa siagi ya ng'ombe. Ngozi ya kulalia hupakwa siagi, mtoto mchanga hupakwa siagi. Kitu kizuri hivi akipake mawese, kama sufuria ya mboga ya sombe? Aka! Alikwenda nyumbani, akaichukua siagi yote ambayo Ihirwe alitumiwa kutoka Minembwe, akaupaka mtumbwi ndani na nje, siku mbili, mpaka ukang'aa.

Asubuhi ya siku ya tatu alikuta mbwa. Sisemi mbwa wawili au watatu. Mbwa wa Baraka nzima walikuwa pale, wengine ndani, wengine chini, mmoja amelala puani mwa mtumbwi na tumbo juu, ameshiba, hawezi hata kubweka. Siafu walikuwa wanapanda kwa mistari. Mpano alirusha mchanga, akarusha viatu, mbwa wakahama upande mmoja wakarudi kwa mwingine. Wanawake wa samaki walitoka sokoni kuja kuona. Mmoja wao, Clarisse, mama mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo, alicheka mpaka akakaa chini na beseni lake.

"Nani alikuambia masuwa inapakwaka manteka? Mungu wangu! Papa Manteka! Kesho utaitilia na sukari!"

Manteka ndiyo siagi, na jina likashika siku hiyo hiyo. Mpano aliukwangua mtumbwi wote, akaenda nyumbani, akakaa kwenye kile kiti cha barazani. Alisema moyoni, nimezeeka vibaya, sirudi tena kule. Ihirwe alitaka kumsema kuhusu siagi yake, akamwona uso, akamletea chai.

Lakini kesho yake kabla ya jua kupanda alikuwa amesimama mlangoni, viatu mguuni. Alijishangaa. Bichi nzima, ufuo wote, imemcheka, hata mbwa wamemcheka, na bado mikono yake inautaka ule mti. Hakuna aliyemtuma. Hapakuwa na baba nyuma yake, wala ukoo, wala aibu. Kwa maisha yake yote alikuwa ameamka kwa sababu ng'ombe lazima wakamuliwe. Sasa aliamka kwa sababu anataka. Hapo ndipo alipojua, na alifurahi akaogopa kwa pamoja. Alitembea upesi, maana mtumbwi ulingoja mawese, na mawese yanahitaji jua.

Wilondja aliporudi alicheka siku tatu. Siku ya nne aliukagua mtumbwi, akapitisha mkono chini, akasema tu, "Eh," na ilikuwa sifa kubwa kutoka kwake.

Mwaka ukapita na nusu nyingine. Masuwa moja ya Clarisse iliyokuwa inaleta samaki kutoka Kazimia ikaoza chini, akaja kwenye kibanda, mikono kiunoni.

"Wilondja, nataka masuwa. Na nataka Papa Manteka njo aitengeneze. We utamuangalia tu."

Wilondja alinuna mpaka mchana. Kisha akamfuata Mpano kwenye magogo.

"Sawa. Utaifanya. Lakini sheria ya huku uijue. Fundi anayeshusha masuwa yake ya kwanza anapanda na mutu wa damu yake. Banaenda pamoja mupaka kule mayi ya ziwa inakuwa nyeusi, banarudia. Ukiogopa kupakiza damu yako, na Clarisse ataogopa kupakiza samaki yake. Masuwa haitapokelewa, na hautaitwa fundi. Utabakia mutu ya kusaidia."

"Niko na Ihirwe," Mpano akasema.

Na Ihirwe alikubali hata kabla ya kumaliza kuulizwa. Ila masuwa ya mita nane si kazi ya wiki. Ilichukua miezi saba, na katika miezi hiyo Ihirwe naye alikuwa na kazi yake ndani ya tumbo. Mbao za mwisho zilipogongomewa hakuweza hata kufunga viatu. Clarisse alipomwona alitikisa kichwa. "Mama ya mimba hapandake masuwa ya mupya. Hata kidogo. Tafuta mutu ingine, Papa Manteka." Mkwe si damu. Damu nyingine yote ilikuwa Minembwe.

Na ndipo simu ikalia. Gisaro.

"Mdogo wangu, kaa vizuri unisikilize. Ukoo umekaa kikao. Tumekutafutia ng'ombe wawili wa kuanzia. Ijumaa nashuka kukuchukua. Umepata aibu ya kutosha huko kwenye joto."

Mpano alishika simu kwa mikono miwili. Huu ndio wema mkubwa kuliko wote ambao watu wa kwao wanaujua: aliyepoteza ng'ombe anatafutiwa ng'ombe, ili awe mtu tena. Kwao mtu hakatai ng'ombe. Anayekataa amewakataa waliompa, wazima na waliokufa. Alisema, "Asante, mkubwa wangu," na simu ikakatika.

Ihirwe alikuwa mlangoni, mkono kwenye kiuno.

"Papa, utaenda?"

"Sijui."

"Mi najua kitu moja. Ukitoka ku ziwa unakujaka na kuimba. Ku Minembwe sikukusikia unaimba hata siku moja. Nilizani haujui."

Gisaro alifika Ijumaa saa kumi, vumbi la pikipiki mpaka kwenye nyusi, koti zito, kofia, mgongo wake wa miaka sitini bado umenyooka. Alimkumbatia Ihirwe kwa tahadhari ya lile tumbo. Alikunywa maji. Kisha akakaa mbele ya mdogo wake, akaweka fimbo mpya juu ya magoti yake, akaanza kuzungumza kwa kikwao, taratibu, kama inavyotakiwa.

"Bihogo ana mimba. Gaju bado mtamba. Wote wawili wanatoka kwenye kizazi cha ng'ombe wa baba. Wanakungoja."

Hapo anayepewa husimama, ananyoosha mikono, anawasifu ng'ombe na aliyempa. Ihirwe alikuwa amesimama tayari kupiga makofi. Mpano hakusimama.

"Simama ushukuru," Gisaro akasema kwa upole.

"Siwezi."

"Miguu inakuuma?"

"Miguu haina kitu." Mpano aliitazama ile fimbo. Sauti yake ilitoka ndogo. "Mkubwa wangu, mimi sikuwapenda."

"Hukuwapenda nani?"

"Ng'ombe."

"Lakini hawa hujawaona bado!"

"Wote, Gisaro. Tangu utotoni."

Ihirwe alisema baadaye kwamba mtoto alicheza tumboni hapo hapo, akamwomba atulie. Gisaro alivua kofia, akaivaa tena.

"Uliwachunga miaka arobaini."

"Niliwachunga kwa sababu nilikuwa mtoto wa baba. Nilipowapoteza nilitafuta machozi, hayakuja. Nilijiona mnyama. Sasa najua nina nini. Nina mti. Nikichonga niko mzima. Kesho tunashusha masuwa niliyotengeneza mwenyewe."

"Uliwachunga!" Hasira ilimpanda Gisaro ghafla. "Nani alikuwa anawatoa kwenye maharage ya watu? Nani alichapwa kwa sababu yako? Niliwaambia wote, huyu mdogo wangu ni mvivu, tumvumilie. Na sasa nikawaambie nini? Kwamba mtoto wa baba yetu amekataa ng'ombe kwa ajili ya sanduku la kubebea samaki?"

"Ulichapwa kwa ajili yangu, ndiyo. Nisamehe. Nimechelewa kukuomba."

Gisaro aligeuza uso. Mpano akaona hakuna namna, akamwambia na lile lingine: sheria ya bichi, na kwamba Ihirwe hawezi, na kwamba hana mtu mwingine.

"Ndani ya maji?" Gisaro akauliza.

"Juu ya maji."

"Umepata wazimu." Gisaro akainuka. "Kesho mchana tunapanda pikipiki, wewe na mimi."

Alikula, akaenda kulala mapema na uso ukutani. Mpano alibaki mezani. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na ilimuuma. Kaka yake hakuhitaji kumlazimisha. Alihitaji kukaa tu. Kesho masuwa itakataliwa mbele ya watu wote, yeye hatakuwa fundi, na mtu asiye fundi na asiye na ng'ombe hana sababu ya kukatalia Baraka.

Asubuhi bichi ilikuwa imejaa. Clarisse alivaa kitenge kipya. Masuwa ilikuwa mdomoni mwa maji, nyeusi kwa lami, na Wilondja alikuwa anaizunguka akitafuta kasoro, hasira imempanda kwa sababu hazioni. Ihirwe alikaa kwenye beseni lililogeuzwa. Gisaro naye alikuja, nani angemzuia, lakini alisimama mbali juu ya mchanga mkavu, koti mwilini, mikono nyuma.

"Sasa, muzee," Wilondja akasema. "Damu yako iko wapi?"

"Iko pale," Mpano akajibu. Watu wote wakageuka kumtazama yule mwenye kofia. "Lakini yeye ni mugeni. Hajuake mayi. Sitamulazimisha."

"Basi tunafanya aje?" Clarisse akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Wilondja alitazama mchanga. Sheria ni sheria, na baba yake aliishika.

Gisaro akashuka. Alikwenda kwanza kwa Clarisse, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha mlimani.

"Mama, ulimupatia hii kazi kwa huruma?"

"Huruma? Papa, mi niko na batoto tano na samaki inaoza haraka. Huruma yangu inaishia ku nyumba!"

Kisha akamgeukia Wilondja. "Na wewe? Ni fundi kweli, ama munamuchekelea tu?"

Wilondja alikuna kichwa. Maneno mazuri hayakuwa kawaida yake.

"Tunamuchekelea, ndiyo. Alipaka masuwa manteka. Lakini sikia. Mi nachonga kwa sababu baba alichonga. Mvua ikinyesha, nafurahi, naenda kulala. Huyu mvua ikinyesha anabakia hapa chini ya mabati, anapapasa mbao, anaisemesha. Nilizani ataacha. Sasa mi mwenyewe naonaka haya kulala." Akatema mate pembeni. "Usimupeleke. Nakuomba, muzee."

 Gisaro alimtazama mdogo wake, ambaye hakuomba, alishika tu ukingo wa masuwa kwa vidole vyenye lami. Kisha mzee yule akakaa mchangani. Akavua kiatu kimoja, akavua soksi, akaiingiza ndani ya kiatu. Akavua cha pili. Akakunja suruali mara tatu, mpaka magoti membamba yakaonekana mbele ya Baraka nzima, na hakuna aliyecheka.

"Nishike mkono," akamwambia Mpano kwa kikwao. "Na usiniache."

Wapiga kasia wawili wa Clarisse walisukuma. Gisaro alikaa chini katikati, ameshika ubavu huu na ubavu huu, macho amefumba, anaimba wimbo wa kanisani kwa pumzi ndogo ndogo. Nyuma yao wanawake walipiga vigelegele. Masuwa ilitulia juu ya maji, haikulala upande wowote, ikaenda. Mpano alikaa mbele ya kaka yake, magoti kwa magoti, na hakuweza kuangalia kitu kingine isipokuwa ule uso.

Walipofika mbali, wimbo ukaisha. Gisaro alifumbua jicho moja. Hakutazama ziwa. Alitazama chini, kwenye sakafu ya masuwa, kisha akaachia mkono mmoja na kuanza kupitisha kiganja kwenye maungio ya mbao, moja baada ya jingine, mpaka pale mkono ulipofika. Akakigeuza kiganja juu. Kilikuwa kikavu.

"Maji hayaingii," akasema.

"Hayaingii."

"Hata kidogo."

"Hata kidogo, mkubwa wangu."

Gisaro alikitazama kiganja chake mpaka machozi yakamshuka ndani ya ndevu, mzee wa ukoo, mbele ya vijana wa watu.

"Ulikuwa na ufundi huu mikononi wakati wote," akasema, "na mimi nakufukuza nyuma ya ng'ombe. Nakuita mvivu. Nisamehe, Mpano."

"Hukujua. Hata mimi sikujua."

Maji yalikuwa yamekuwa meusi chini yao. Mpiga kasia wa nyuma aliuliza kama ageuze. Gisaro alijifuta uso kwa mkono wa koti, akavuta pumzi, akarudi kuwa kaka mkubwa.

"Ila Bihogo na Gaju ni wako. Kuwarudisha siwezi, usinitie aibu. Watabaki kwangu, kwa jina lako, na watakaozaliwa pia."

"Nani atawachunga?"

"Mimi."

"Utachoka, mkubwa wangu. Umri umekwenda."

"Nimewachunga ng'ombe wako miaka arobaini," Gisaro akasema, na sasa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mikono miwili imerudi kushika mbavu za masuwa kwa nguvu. "Ulifikiri ni nani aliyekuwa anawachunga? Wewe chonga. Na mwambie huyu kijana ageuze, tafadhali, nataka kushuka."